Kamera 8, neno la siri moja: nani anaingia mu kamera za depo zetu?

Mu muji wa Butembo, kamera zinaongezeka ku maduka, ku depo, ku hoteli, hata ku masomo. Watu wanauliza bei yake, na kama inaona muzuri usiku. Ni wachache wanauliza swali lingine: nani anaruhusiwa kuangalia, nani anaruhusiwa kutosha video, na nani anaweza kuzima? Mu depo moja ya muji wetu, kukosa jibu la swali hilo kulilaza muzee mumoja mu kasho usiku 4.

Ilikuwa siku ya kwanza asubui, ku depo moja ya vitenge mu komini Kimemi. Balo 3 hazikuonekana. Mulango haukuvunjwa, na kufuli zilikuwa mahali pake. Mwenye depo hakupandisha sauti. Aliambia wafanyakazi wake kwamba kamera itasema. Depo ile iko na kamera 8, na 2 kati yake zinaangalia kule balo zinapangwa.

Lakini wakati walifungua video ya usiku wa siku ya yenga, kamera ya 5 na ya 6 hazikuwa na kitu. Kuanzia saa 6 na dakika 52 ya usiku mpaka saa 10 na dakika 5, hakuna picha hata moja. Kamera zingine 6 zilirekodi sawa vile kila siku. Sasa nani alikuwa pale usiku? Sentineli. Basi sentineli alipelekwa ku polisi.

Tulikutana na muzee ule kisha kutoka. Ni baba wa watoto 5. Anatumia simu ndogo ya vidonge, ile watu wananunua juu ya tochi yake. Alituuliza swali lenye lilitufanya tuandike habari hii: yeye mwenye hajagusa hata siku moja mashini ya kamera, angefanya namna gani kwa kuzima kamera 2 na kuacha 6 zinatumika?

Jibu lilikuwa ndani ya mashini tangu siku ya kwanza, lakini hakuna mutu alilitafuta. Ni siku ya tano ndipo fundi aliitwa. Alifungua jurnali, ni kusema daftari yenye mashini inajiandikia yenyewe: nani ameingia, saa ngapi, na amefanya nini. Daftari ile ilionyesha kwamba amri ya kusimamisha kamera ya 5 na ya 6 ilitoka mbali, kupitia intaneti. Haikufanyiwa mu biro kwenye mashini iko. Na mutu mwenye kuitoa aliandikwa kwa jina moja tu: admin.

Admin ni nani? Mwenye depo alianza kuhesabu ku vidole. Yeye mwenyewe. Bibi yake. Mwana wake mukubwa mwenye kusomea Kampala. Musimamizi wa depo. Kesye, mwenye kupokea feza. Fundi mwenye aliweka kamera. Na kijana mumoja mwenye aliacha kazi mwaka uliopita. Watu 7, jina moja, neno la siri moja. Daftari ilikuwa imeandika kila kitu, lakini haikuweza kusema ni nani kati ya wale 7.

Muzee alitoka mu kasho. Mwizi hajajulikana mpaka leo.

Kununua kamera ni kazi ya kwanza tu

Mbele ya kuingia zaidi mu mambo haya, tuseme namna vitu hivi vinatumika, juu wengi wetu tunaona tu kamera ku ukuta.

Kamera yenyewe haichungi video mingi. Inapeleka picha ku mashini ya kurekodi, ile mafundi wanaita DVR ao NVR, yenye iko na diski ndani. Ndani ya mashini kuko programu yenye kuongoza yote. Mu programu ile ndipo mutu anaangalia picha za sasa, anarudilia za jana, anatosha kipande cha video kwa kukiweka ku kle USB, ao anabadilisha mipango. Mashini ikiungwa ku intaneti, mutu anaweza kufanya yale yote akiwa ku Dubai, ku Guangzhou ao ku Kasindi, kwa simu yake. Kwa wafanyabiashara wetu wenye kusafiri kila mara, hiyo ni sababu kubwa ya kuweka kamera.

Sasa, wenye walitengeneza programu hizi walijua kama haifae watu wote wakuwe na uwezo sawasawa. Ndiyo maana karibu mashini zote, hata zile za bei ya chini, ziko na ngazi za watumiaji. Ngazi ya kwanza ni admin. Huyu anafanya yote: anaongeza watu, anawatosha, anasafisha diski, anazima kamera. Ngazi ya pili mara mingi inaitwa operateri. Huyu anaweza kuangalia na kurudilia video, lakini hawezi kugusa mipango mikubwa. Ngazi ya tatu ni mutumiaji wa kawaida, mwenye kuangalia tu.

Na ndani ya kila ngazi, admin anaweza kukata ruhusa vipande vipande. Kuna ruhusa ya kuangalia picha za sasa. Kuna ruhusa ya kurudilia za zamani, na hiyo ni ingine. Kuna ruhusa ya kutosha video ku kle. Kuna ruhusa ya kugeuza kamera yenye kuzunguka. Kuna ruhusa ya kuzima mashini. Mu programu mingi, unaweza hata kuchagua kamera kwa kamera: kesye aone kamera ya mulango na ya meza yake, asione ya biro ya patro. Sentineli aone kamera za inje ku ekrani ndogo usiku, kusudi ajue nani anakaribia lupango, lakini asiweze kuzima kitu. Unaweza pia kumuruhusu mutu afanye kazi akiwa tu mbele ya mashini, na kumukataza kuingia kwa simu kutoka mbali.

Ile ruhusa ya mwisho peke yake ingepunguza hesabu ya watu 7 mu depo ya Kimemi. Kesye hakuwa na lazima ya kuingia mu kamera usiku akiwa kwake. Musimamizi naye, hakuna kazi yenye kumuomba kusimamisha kurekodi saa 6 ya usiku.

Namna gani tunafika ku neno la siri moja

Tulizunguka ku maduka na depo za barabara kubwa, na ku hoteli kidogo. Tuliongea na wenye mali, wafanyakazi na mafundi. Karibu kila mahali mambo ni mamoja: mashini iko na konti moja, ni ile admin yenye ilitoka nayo ku kiwanda, na wote wanaingilia mule.

Si juu watu ni wajinga. Kuko sababu, na zinaeleweka.

Sababu ya kwanza ni namna kazi ya kuweka kamera inalipwa. Fundi analipwa kwa kuvuta waya, kutoboa ukuta, kuunganisha na kuonyesha kama picha inatoka. Picha ikitoka, kazi imeisha, na mwenye mali anataka kufungua duka. Hakuna mutu analipia saa moja ya kukaa chini na kuandika nani ataona nini. Mafundi 2 wenye tuliongea nao walikubali jambo hilo wazi: hawafundishi mambo ya konti juu hakuna mwenye kuwauliza.

Sababu ya pili ni ujamaa. Biashara zetu ni za familia. Kuambia mutoto wa ndugu yako kwamba hataingia kama admin, inaonekana sawa vile unamuita mwizi. Kwa hiyo neno la siri linapita kwa midomo, linaandikwa ku karatasi kando ya mashini, linatumwa kwa WhatsApp wakati patro iko safarini na anataka mutu amuangalilie kitu. Na neno lenye lilitoka halirudi. Kijana mwenye aliacha kazi mwaka uliopita hakurudisha ufunguo wa kamera, juu hakuna mutu alifikiri kama ni ufunguo.

Sababu ya tatu ni ya simu, na wengi hawaijue. Kwa programu mingi za simu, mashini inaandikwa ku konti moja tu, na wengine wote wanagawiwa kutoka pale. Fundi akiwa na haraka, anaandika mashini ku konti yake mwenyewe, kisha anamugawia mwenye duka. Mwenye duka anaona picha ku simu yake, anafurahi. Lakini kwa ile programu, mwenye mashini ni fundi. Siku watakosana juu ya feza, fundi anaweza kumufungia. Siku fundi atakuwa na roho mubaya, anaweza kuangalia nyumba ya mutu kila usiku, na hakuna atakayejua. Hatusemi mafundi wetu wanafanya hivyo. Tunasema mulango uko wazi.

Jambo hili si la Butembo peke yake

Kama mutu anafikiri tunaogopa bure, aangalie yenye ilifanyika ku inchi zenye ziko na sheria kali na makampuni makubwa.

Ku Marekani, mu jimbo la Texas, fundi mumoja wa kampuni ya ulinzi ADT alikuwa anaweka kamera mu nyumba za watu. Akiona nyumba yenye kuko wanamuke wenye anawapenda, anaongeza anwani yake ya email ku konti ya wateja. Mara fulani aliwaambia ni kwa kujaribu tu kama mashini inatumika. Wakati alishikwa, ilionekana kwamba mu miaka 4 na nusu aliingia mu konti karibu 200, zaidi ya mara 9.600. Alikuwa anaangalia watu mu vyumba vyao. Mu 2021, tribinali ilimuhukumu miezi 52 ya gereza. Hakuvunja kitu. Alijiandika tu ku liste ya watumiaji, na liste ile hakuna mutu alikuwa anaisoma.

Kampuni ingine, Ring, yenye ni ya Amazon, ilishitakiwa na serikali ya Marekani mu 2023, na ilikubali kulipa dola milioni 5,8. Serikali ilisema kwamba kampuni iliacha wafanyakazi wengi waingie mu video za wateja hata kama kazi yao haikuomba hivyo. Mu 2017, mufanyakazi mumoja aliangalia maelfu ya video za wanamuke, konti hazipungue 81. Si mashini yenye ilimukamata. Ni mwanamuke mumoja mwenye walikuwa wanafanya naye kazi ndiye alimuona.

Na mu mwezi wa 3 wa 2021, watu waliingia mu kamera karibu 150.000 za kampuni Verkada: kamera za hospitali, za magereza, za masomo, hata za kiwanda cha motokari cha Tesla. Walipita wapi? Walipata jina na neno la siri la konti moja ya ngazi ya juu kabisa, yenye kufungua kamera za wateja wote. Konti moja, milango yote.

Ku Texas, konti iliongezwa kwa siri. Kwa Ring, wengi walikuwa na ruhusa yenye kazi yao haiombe. Kwa Verkada, konti moja ilikuwa na nguvu kupita kiasi. Hapa kwetu, mambo yale yote 3 tunayakuta mu depo moja.

Tofauti ya kuona na kutosha

Kuko jambo lingine lenye wakaaji wa muji wanalijua muzuri: video zenye kutoka ku kamera za maduka na kuingia mu WhatsApp. Mama anateleza ku ngazi za duka, kesho yake muji muzima unamucheka. Binti anagombana na bwana yake ku reception ya hoteli, wazazi wake wanaona video mbele ya kusikia habari. Mara mingi mutu hakuibia video ile. Aliishika kihalali, juu alikuwa anaruhusiwa kuingia, akairekodi kwa simu yake ao akaitosha ku kle.

Hapa programu inaweza kusaidia sehemu moja tu. Ukimunyima mufanyakazi ruhusa ya kutosha video, bado anaweza kuelekeza simu yake ku ekrani na kurekodi. Lakini kama kila mutu iko na konti yake, na kama kuangalia video za zamani kunaandikwa mu jurnali, utajua nani alifungua video ya siku ile, saa ile. Mutu mwenye kujua kama jina lake linabaki anafikiri mara 2.

Tena kuko mahali kwenye kamera haifae iwekwe hata kidogo, hata kama ni admin peke yake anaangalia: pale wafanyakazi wanabadilishia nguo, ku vyoo, mu vyumba vya hoteli. Wafanyakazi wanamuke 3 walituambia kama ku kazi yao kuko kamera mahali wanavalia, na hawajue nani anaiangalia. Waliogopa kuuliza juu hawataki kupoteza kazi.

Sheria inasema nini

Wengine wanafikiri kamera ya duka ni mambo ya mwenye duka peke yake. Hapana. Kanuni ya musingi ya inchi yetu, ile ya mwezi wa 2 mwaka 2006, mu kifungu cha 31, inasema kama kila mutu iko na haki ya kuheshimiwa mu maisha yake ya kipekee na mu siri ya mawasiliano yake, na haki ile haiwezi kuguswa inje ya sheria.

Na tangu tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, inchi iko na Code du numérique, ni kusema sheria kubwa ya mambo ya ordinatere na intaneti. Sheria ile inachunga habari za kipekee za watu, na sura ya mutu mwenye kutambulika ni moja ya habari zile. Mwenye kuzikusanya anaombwa awe na sababu ya wazi na azichunge muzuri. Sheria ile inaazibu pia mutu mwenye kuingia mu mashini ya wengine bila ruhusa. Kwa hiyo kijana mwenye aliacha kazi, kama anaingia bado mu kamera za patro wake wa zamani, anavunja sheria. Lakini namna gani utamushitaki, kama mashini inasema tu "admin"?

Polisi na parke nao wanahusika hapa. Kama video inaletwa juu ya kufunga mutu, inafaa waulize maswali kidogo mbele ya kumufunga: nani alitosha video hii? Kwa konti gani? Saa ya mashini ilikuwa ya kweli? Jurnali iko wapi? Ku kesi ya depo ya Kimemi, jurnali ingesomwa siku ya kwanza, muzee hangelala mu kasho hata usiku mumoja.

Diski haingojee mutu

Kuko pia mambo ya wakati, na hapa hesabu ni rahisi. Kamera moja ya kawaida yenye kupeleka megabiti 2 kila sekonde inajaza karibu gigabaiti 21 na nusu kwa siku. Kamera 8 zinafika karibu gigabaiti 173. Diski ya terabaiti 1, yenye mafundi wengi wanaweka juu ni ya bei ya kati, inajaa mu siku 5 ao 6. Kisha pale mashini inaanza kuandika juu ya video za zamani, bila kuuliza mutu. Ukingojea juma moja mbele ya kutafuta picha, hautazipata. Na watu watasema mwizi alizifuta, kumbe ni diski tu ilijaa.

Saa ya mashini nayo inadanganya. Umeme unakatika mara mingi, betri ndogo ya ndani inazeeka, saa inarudi nyuma ao inaruka. Tuliona mashini moja yenye ilikuwa inachelewa saa 3 nzima. Ku mashini ile, jurnali ingesema mufanyakazi aliingia muchana kati akiwa ku kazi, kumbe ilikuwa magaribi. Mutu anaweza kufungwa juu ya makosa ya saa.

Mambo yenye yanawezekana leo

Wenye mali wako na maneno yao, na inafaa tuyasikilize. Wanasema wakimupatia kila mutu konti yake, watu watasahau maneno ya siri, na fundi atakuja kila juma kulipwa. Wanasema pia kwamba siku ya hatari wanahitaji mutu mu duka mwenye anaweza kufanya yote, juu wao wako mbali. Hayo ni ya kweli. Lakini kuongeza konti mu mashini haiombi kununua kitu. Inaomba saa moja na karatasi moja. Kisha kuongea na mafundi, haya ndiyo tuliona kuwa ya lazima:

Mwenye mali abadilishe neno la siri la admin leo, na alifanye yeye mwenyewe, fundi akiwa pembeni akimuonyesha. Aliandike ku karatasi, alifunge mu bahasha, na aliweke mahali anaweka hati za kiwanja. Admin si ya kutumia kila siku.

Kila mutu mwenye kuangalia kamera apewe konti kwa jina lake, yeye peke yake. Apewe tu yale kazi yake inaomba. Mwenye kuomba zaidi aseme sababu.

Mu programu ya simu, aangalie mashini imeandikwa ku konti ya nani. Kama ni ya fundi, amuombe aiachilie kusudi iandikwe ku konti ya mwenye mali. Fundi mwaminifu hatakatala.

Siku mutu anaacha kazi, konti yake ifungwe siku ileile, sawa vile anarudisha ufunguo na hesabu ya keshi.

Mara moja kwa mwezi, asome liste ya watumiaji. Jina lenye hajue, alifute. Aangalie saa ya mashini pia, na afungue jurnali hata dakika 10.

Kama mutu wa mbali anahitaji kusaidiwa siku ya hatari, kuwe konti ya pili yenye nguvu, kwa mutu mumoja mwenye kuaminiwa, kwa jina lake. Siku ya shida, itajulikana ni yeye.

Na wafanyakazi waambiwe wazi: kamera iko hapa na hapa, wenye kuiangalia ni fulani na fulani, video inachungwa siku kiasi hiki. Mutu akijua hivyo, anafanya kazi na roho ya utulivu.

Ku maduka mengi ya muji wetu, mutu anasoma ku ukuta ile methali: mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara wetu wanaijua tangu zamani. Hakuna patro mwenye angekubali daftari ya keshi yenye watu 7 wanaandika wote kwa jina moja, bila sahihi. Lakini mu kamera anakubali.

Muzee alipelekwa wapi

Turudi ku depo ya Kimemi. Mwenye depo alibadilisha mambo. Sasa kuko konti 4, kila moja kwa jina la mutu. Kesye anaona meza yake na mulango. Mwana wake wa Kampala hana tena ruhusa yoyote, na alikasirika juma nzima. Fundi aliombwa kuachilia mashini ku konti yake ya simu, na alifanya bila kusumbua.

Tulimuuliza mwenye depo kama alimurudisha sentineli. Alikaa kimya kidogo, kisha alisema kwamba tayari alishachukua mutu mwingine, na kwamba si muzuri kurudisha mutu mwenye alipita ku kasho, watu wataongea.

Muzee sasa analinda kiwanja cha mutu mwingine upande wa Bulengera, kwa mushahara wa chini kuliko ule wa kwanza. Wakati tuliachana, alituomba jambo moja: kama tutaandika, tuseme wazi kama hakuiba. Tunaandika hivyo. Mashini ilisema tangu usiku ule kama amri ilitoka mbali, kwa simu yenye kuingia ku intaneti, na simu kama ile yeye hana.

Wewe musikilizaji na musomaji, kama uko na mashini ya kamera ku duka, ku hoteli ao kwako, ifungue leo magaribi na uhesabu majina yenye kuandikwa mule. Kisha uhesabu watu wenye kujua neno la siri. Kama hesabu 2 hazilingane, anza pale. Na kama uko mufanyakazi na ulishitakiwa juu ya video, omba jurnali isomwe mbele yako. Tuandikie ao kuya ku radio utuambie namna ilienda. Hatutataja jina lako kama hautaki.